Kitabu cha Kumpa Mwenye Dhiki: Usemezano wa Moyo Kama Kipimo cha Uhakiki

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili huulizwa mara chache mno, mojawapo ni hili: mtu aliyefadhaika, ambaye usingizi umemhama na dunia imemwia nzito, apewe kitabu gani asome? Wahakiki tumezoea kuulizana mambo mengine. Tumeulizana kama riwaya fulani ina msimamo. Kama mwandishi ameielewa jamii yake na migongano ya matabaka yake. Kama fani imechukuana na maudhui. Kama mashairi yasiyo na vina ni mashairi au si mashairi. Maswali hayo yana haki yake, wala hatukusudii kuyadharau. Lakini yote yanamwangalia mwandishi na jamii. Msomaji mmoja, aliyeketi peke yake usiku na kitabu mkononi, tumemwacha nje ya mlango.

Swali hili lilimfikia mwandishi wa makala haya bila kutazamiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyekuwa amefiwa na baba yake, alibisha hodi akaomba kitabu. Hakutaka kitabu cha mtihani. Alisema kwamba usiku halali, na kwamba akikaa peke yake mawazo humzonga. Tulimpa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, kwa sababu moja tu: kwa rai yetu ni mojawapo ya riwaya bora kabisa zilizopata kuandikwa kwa Kiswahili. Baada ya majuma mawili alikirudisha kitabu. Alisema, “Mwalimu, kitabu ni kizuri. Lakini huyu Kazimoto hana mtu wa kusema naye.” Kisha akanyamaza, na kimya chake kikatutia hofu. Siku ile ile tulifuatana naye hadi kwa daktari, na tunashukuru kwamba alitibiwa na masomo yake akayamaliza.

Makala haya ni jaribio la kulifikiri neno la mwanafunzi yule. Tunaona kwamba alituzidi katika uhakiki, maana kwa sentensi moja alitaja jambo ambalo sisi, katika miaka mingi ya kuifundisha riwaya hiyo, hatukuwa tumelitaja. Dai letu ni kwamba kitabu humfaa mwenye dhiki kwa sababu ya usemezano uliomo ndani yake. Kwa neno hili tunakusudia tabia ya kazi ya fasihi ya kuwa na nafsi mbili, moja inayosema na nyingine inayosemeshwa, hata kama hiyo ya pili ni mtoto, au marehemu, au moyo wa msemaji mwenyewe. Tutalipima dai hili kwa kuzichungua kazi chache zinazojulikana, kisha tutazikabili pingamizi zinazoweza kutolewa.

2. Fikira ya Kuwa Kitabu ni Dawa

Fikira kwamba maandishi huponya si ngeni. Diodorus wa Sicily, mwandishi wa historia wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, ameeleza kwamba juu ya maktaba ya mfalme mmoja wa Misri ya kale paliandikwa maneno ya kuiita maktaba hiyo mahali pa kuiponya roho. Aristotle naye alisema kwamba tanzia huamsha huruma na hofu, na kwa njia hiyo huzitakasa hisia hizo. Mwaka 1916 Samuel Crothers, kasisi na mwandishi wa insha wa Marekani, alibuni jina maalumu la tiba kwa njia ya vitabu katika makala ambayo nusu yake ni mzaha. Mzaha huo umekuwa kazi ya kweli. Tangu mwaka 2013 uko mpango nchini Uingereza ambao chini yake daktari anaweza kumwelekeza mgonjwa wa huzuni au wa wasiwasi kwenye kitabu kilichomo katika orodha iliyopitishwa na wataalamu, naye akakiazima katika maktaba ya umma.

Ukizichunguza orodha za namna hiyo utaona kwamba aghalabu zimejaa vitabu vya maelekezo: fanya hivi asubuhi, andika hivi jioni, hesabu pumzi zako. Vitabu vya jamii hiyo, vilivyo duni zaidi, vimetanda katika maduka ya Nairobi na kando ya njia zake, vingi vikiwa vya Kiingereza na vimeandikiwa watu wa Marekani. Hatusemi havina faida. Mwenye nguvu ya kufuata maelekezo huweza kufaidika navyo, na vile vilivyoandikwa na waganga wa kweli vimewasaidia wengi. Lakini kila nasaha hudhani kwamba msikilizaji ana nia iliyo nzima, ilhali maradhi ya huzuni huishambulia nia yenyewe. Kumwamuru mtu wa hali hiyo achangamke ni sawa na kumwamuru aliyevunjika mguu asimame kwanza ndipo atibiwe.

Kwa upande wa pili iko hofu ya zamani kwamba kitabu chaweza kuua. Goethe alipochapisha riwaya yake ya Werther mwaka 1774, ambayo kijana wake hujiua kwa ajili ya mapenzi, wakuu wa mji wa Leipzig waliipiga marufuku mwaka uliofuata kwa kuchelea kwamba vijana wangemwiga. Miaka 200 baada ya riwaya hiyo, mwaka 1974, David Phillips wa Marekani alionyesha kwamba habari za watu waliojiua zikitangazwa sana magazetini, vifo vya namna hiyo huongezeka. Mwaka 2010 wachunguzi wa Austria waliongeza jambo la kutia moyo: habari za watu waliofikia ukingoni wakarudi ziliandamana na kupungua kwa vifo hivyo. Wachunguzi hao walitazama habari za magazeti, nasi hatuna ruhusa ya kuyahamisha matokeo yao moja kwa moja hadi kwenye riwaya. Hata hivyo wametuachia onyo: namna ya kusimulia ina uzito wake, mbali na jambo linalosimuliwa.

3. Moyo na Kichwa Katika Lugha Yetu

Kabla ya kuziingia kazi zenyewe, yafaa tuisikilize lugha. Kiswahili ni tajiri wa maneno ya huzuni: majonzi, simanzi, jitimai, ukiwa, fadhaa, kihoro. Kitenzi sonona, kilichokuwa na maana ya jumla ya kuumia moyoni, sasa kimefanywa nomino na kutumiwa na wengi, hasa Tanzania, kuwa jina la maradhi yenyewe. Lakini lililo kubwa kuliko utajiri huo wa maneno ni mahali ambapo lugha imeiweka dhiki. Imeiweka moyoni. Moyo huwa mzito, huvunjika, huingia baridi, hufa ganzi. Na mtu anapojitia nguvu tunasema amepiga moyo konde. Tafakari usemi huo. Apigaye ni mmoja na apigwaye ni mwingine. Msemi wa Kiswahili, kabla hajasoma kitabu chochote, ameshapewa na lugha yake nafsi mbili ndani ya mwili mmoja, na moja ina uwezo wa kuisemesha nyingine.

Aidha tunasema kutoa ya moyoni, na usemi huu unadai msikilizaji, kwa maana kinachotolewa hapana budi kipokewe. Jirani zetu wa Zimbabwe wanalo neno la Kishona, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, ambalo ni karibu sana na lile tulilozoea kusema, kwamba fulani anaugua mawazo. Huko Harare, tangu mwaka 2006, kina nyanya waliofunzwa na madaktari huketi na wenye dhiki kwenye benchi nje ya zahanati, wakazungumza nao. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba waliozungumza nao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi lina nafasi ya watu wawili. Swali letu ni kama kitabu kinaweza kuwa na nafasi ya namna hiyo.

4. Kazimoto na Rosa: Simulizi Isiyo na Msikilizaji

Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, ndiye mwandishi wa Kiswahili aliyeitazama dhiki ya nafsi kwa macho makavu kuliko wote waliomtangulia. Katika Rosa Mistika (1971) msichana aliyelelewa kwa ukali na baba yake, Zakaria, anatoka nyumbani bila kujua kuutumia uhuru, anatumbukia, na mwisho anajitoa uhai. Katika Kichwamaji (1974) kijana msomi wa chuo kikuu anarudi kijijini, anaona jamaa yake ikiangamia, anashindwa kuiona maana ya kuishi, naye anafuata njia ile ile.

Uhakiki umezieleza riwaya hizi kwa namna mbili. Kwanza, kwa jicho la maadili: Rosa alipotea, na malezi ya Zakaria ndiyo yaliyompoteza. Pili, kwa jicho la falsafa na la jamii: Kazimoto ni msomi aliyetengwa na watu wake na elimu ya kikoloni, na kifo chake ni alama ya utupu wa tabaka lake. Fasiri zote mbili zina ukweli ndani yake. Lakini zote mbili humketisha mhusika kizimbani. Na haikuwa ajabu, kwa kuwa sheria yenyewe ilifanya hivyo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hata Mahakama Kuu ilipoamua, Januari mwaka 2025, kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Wahakiki nao wanapaswa kujiuliza kama wameitoa hukumu hiyo ya zamani katika maandishi yao.

Tukirejea neno la mwanafunzi, tutaona jambo ambalo fasiri hizo mbili hazikulishughulikia. Kichwamaji imesimuliwa na Kazimoto mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Mbinu hii ingeweza kutufanya wasiri wake. Lakini Kazimoto hamsemeshi yeyote. Anaangalia, anadhihaki, anapima, anahukumu. Marafiki anao, na mazungumzo ya wasomi katika riwaya ni mengi na makali. Lakini ni mazungumzo ya kushindana, ambayo kila mmoja huonyesha ubingwa wa fikira zake, wala hakuna autoaye moyo wake ukapokewa. Uchungu wa Kazimoto kwa yale Manase aliyomtendea Rukia, ndugu yake wa kike, haugeuki kuwa maneno ya kumwambia mtu. Unageuka kuwa shauri la kisasi. Hata moyo wake mwenyewe hausemeshi. Anaufikiri, kama mtu afikirivyo kitu cha mbali.

Hapa jina la riwaya linatuonyesha kitu. Dhiki imehamishwa kutoka moyoni ikawekwa kichwani. Mtoto mwenye kichwa kikubwa anayezaliwa katika riwaya ni alama ya kizazi ambacho kichwa chake kimekua hata kikazidi kiwiliwili kukibeba. Lugha iliyompa Mswahili nafsi mbili, apigaye konde na apigwaye, imenyamazishwa. Kimebaki kichwa kimoja kinachojisemea, na kichwa kinachojisemea bila mshindani hufika mahali pamoja tu.

Kwa Rosa ukimya huo una sura nyingine. Hapa msimulizi ni wa nafsi ya tatu, na asiyesema ni nyumba nzima. Zakaria hupiga, hafundishi. Barua ya mvulana ikikamatwa, jibu ni fimbo. Regina, mama yake Rosa, ana mengi ya kumwambia binti yake, lakini naye ni mpigwa. Riwaya hii iliwahi kuzuiwa isisomwe katika shule za Tanzania kwa hoja kwamba ingewaharibu vijana. Kwa maoni yetu waliofanya hivyo walilitenda kosa la Zakaria: waliikamata barua, wakaipiga, wasizungumze.

5. Inkishafi na Mwana Kupona: Nafsi ya Pili

Sasa tuzitazame kazi mbili za kale za pwani, ambazo kwa maudhui yake hazina furaha kubwa.

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 19, ni miongoni mwa kazi za huzuni kuu katika lugha yetu. Unaueleza mji wa Pate uliokuwa na fahari, nao sasa ni magofu. Majumba yaliyowaka taa yamekuwa makao ya popo, na madaka yaliyopambwa vyombo vya kigeni yamekuwa viota vya ndege. Mtu asiyejua angedhani kwamba huo si utenzi wa kumpa aliyefiwa. Walakini umesomwa na kuhifadhiwa kwa moyo katika nyumba za watu waliofiwa na kufilisika kwa takriban miaka 200. Sababu, kwa rai yetu, ni kwamba mtunzi hazungumzi juu ya moyo wake, anazungumza nao. Anauita, anauuliza maswali, anaukemea kama ndugu amkemeavyo ndugu. Magofu ya Pate yameletwa kuwa ushahidi katika mazungumzo hayo. Msomaji anapousoma utenzi kwa sauti, kiti cha mwitaji anakikalia yeye, na moyo unaoitwa ni wake. Hapo huwa watu wawili, na upweke wake umepata mpasuko.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, una msemeshwa aliye dhahiri zaidi. Mama mgonjwa, ambaye maradhi yake yamechukua mwaka mzima, anamwita binti yake aketi karibu na wino na karatasi. Wanaoukosoa utendi huu kwa sababu ya nasaha zake za kumtii mume wana haki ya kufanya hivyo, na hatutaki kuwanyang’anya hoja yao. Lakini mtu anaweza kuzikataa nasaha na bado akanufaika na wito. Aliye karibu na kufa anageuka, anamtazama mwingine, anasema: njoo, keti, nina neno nawe. Kutoka dakika hiyo maradhi yake yana kazi nyingine mbali na kuumiza. Na sala ndefu inayofunga utendi, ambamo anawaombea watoto wake na jamaa zake, huupanua usemezano hadi kwa Mungu.

Ni wazi kwamba tofauti kati ya kazi hizi na Kichwamaji haitokani na wingi wa matumaini. Pate haifufuki katika Inkishafi, wala Mwana Kupona hatazamii kupona ugonjwa wake. Tofauti imo katika muundo wa usemi, yaani katika fani, na fani hiyo ndiyo inayoubeba uponyaji. Waliozoea kuifanya fani kuwa pambo la maudhui wanaweza kulifikiri upya jambo hilo hapa.

6. Shaaban Robert na Abdilatif Abdalla

Mtu angeweza kusema kwamba usemezano ni mali ya wacha Mungu wa kale, na kwamba mtu wa zama zetu hauwezi. Kazi mbili za karne ya 20 zinatosha kulijibu dai hilo.

Shaaban Robert (1909–1962) husifiwa kwa nasaha, na watu wakiulizwa kitabu cha kumtuliza mwenye dhiki pengine watamtaja Utubora Mkulima, aliyeiacha kazi ya mjini akaenda kulima. Ni kitabu chema, lakini Utubora amekwisha kuwa mtu mwema tangu mwanzo, na mwenye dhiki humwonea kijicho zaidi ya kumfuata. Sisi tungetaja Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, hasa pale ambapo mwandishi anaeleza kufiwa na mkewe, Amina. Nathari ya Shaaban hapo ni ya mtu ajizuiaye. Ndipo linapokuja shairi, na katika shairi anamwita Amina kwa jina lake, anamsemesha kama yu hai. Nathari haikuweza kuyabeba maneno hayo, kwa sababu nathari ilikuwa ikitusimulia sisi. Ilihitajika fani ambamo marehemu anaweza kuitwa. Mwanafunzi wetu aliyefiwa angepewa kurasa hizo angejua kwamba kusema na aliyeondoka si wazimu.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla. Mtunzi huyu wa Mombasa alifungwa kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa, Kenya: Twendapi?, cha mwaka 1968, naye akatoka gerezani mwaka 1972. Mashairi ya diwani hiyo aliyatunga kifungoni, mengi akiwa ametengwa na wafungwa wengine. Basi tujiulize: mtu aliyenyimwa msikilizaji kwa amri ya serikali hufanya nini? Huwaumba wasikilizaji. Diwani imejaa watu wanaosemeshwa. Humo mna ndugu wanaojibiwa, mna waliomfunga wanaopewa onyo, na katika shairi la mnazi mna ndugu wawili wanaougombea mti, kila mmoja akipewa zamu ya kusema hoja zake kwa ukamilifu. Wahakiki wameufasiri mnazi huo kwa siasa za Kenya, na ni haki yao. Lakini fikiri juu ya chumba ulimotungwa. Mfungwa mmoja, ndani ya kuta nne, amelazimika kuzisema kwa haki hata hoja za yule anayempinga. Majibizano, sanaa kongwe ya washairi wa Mvita tangu zama za Muyaka, yamekuwa chombo cha kuilinda akili. Vidhibiti vya vina na mizani, ambavyo vilibishaniwa sana katika miaka ile ile, vilimpa kazi ya kila siku ambayo askari hakuweza kumnyang’anya.

Twaona basi kwamba dhiki ya Abdilatif na dhiki ya Kazimoto zimetofautiana kinyume na tulivyotazamia. Aliyefungwa ana watu tele. Aliye huru, msomi, mwenye marafiki na mke, hana hata mmoja. Mwandishi halisi wa gereza na mhusika wa kubuni hawawezi kuwekwa katika mizani moja kwa kila jambo, lakini kwa kadiri ya msomaji aliye mbele ya maandishi, tofauti hii ni ya kweli na inahisika.

7. Pingamizi

Zipo pingamizi tatu ambazo hatuna budi kuzikabili.

Ya kwanza ni kwamba kipimo hiki kitaishusha hadhi ya Kezilahabi. La. Ukosefu wa usemezano katika Kichwamaji ni ufundi wa mwandishi aliyejua analolionyesha; yeye ametuchorea upweke, naye hakutudanganya kwa kuupamba. Riwaya ikiwa kioo cha ugonjwa, ukali wake ndio ubora wake. Tunachosema ni kwamba kitabu bora na kitabu cha kumpa mtu usiku huu ni hukumu mbili, na mwalimu aliyezichanganya, kama tulivyozichanganya sisi, amekosa. Tena riwaya hii ina dawa yake, nayo ni darasa. Isomwapo na watu wengi wanaobishana kwa upendo, wasomaji hujaza kiti kilichoachwa wazi karibu na Kazimoto. Isizuiwe, bali isitolewe kwa mkono mmoja kwa aliye peke yake.

Pingamizi ya pili ni kwamba usemezano nao waweza kudhuru. Hii tunaikubali. Sehemu ya mwisho ya Inkishafi inazitaja jahanamu kwa majina yake na adhabu zake. Kwa mtu anayeugua kwa kujilaumu, ambaye tayari moyo wake unamshitaki mchana na usiku, sauti hiyo ya kukemea itaongeza mshitaki mwingine. Kwa hiyo usemezano una namna zake, na anayechagua kitabu hana budi kuuliza ni sauti gani iliyokwisha kuwamo ndani ya msomaji. Anayejilaumu apewe sauti ya kubembeleza, kama ile ya mama amwitaye binti yake. Aliyefiwa apewe sauti imwitayo marehemu. Aliyedhulumiwa apewe Sauti ya Dhiki, ambayo hasira yake imesimama wima. Moyo wa mtu ni msitu wa giza, na hakuna orodha moja itakayowafaa wote.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba tunamgeuza mhakiki kuwa mganga. Mficha maradhi, wahenga wamesema, kilio kitamuumbua. Mwanafunzi asiyelala, asiyekula, na anayezungumza juu ya kifo, anahitaji daktari, na kitabu kisiwe kisingizio cha kumchelewesha. Kazi ya kitabu ni ndogo kuliko hiyo. Ni kumpa mtu maneno ya kutoa ya moyoni, ili atakapoketi mbele ya daktari, au ya rafiki, au ya mama yake, asikose pa kuanzia. Msomi mwenye dhiki aghalabu huwa na maneno ya Kiingereza kwa maradhi yake, aliyoyaokota vitabuni, na maneno hayo hayafiki nyumbani kwao. Aliyesoma fasihi ya lugha yake ataweza kusema jambo ambalo nyanya yake atalielewa.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la kitabu cha kumfaa mwenye dhiki ni swali la uhakiki, na kwamba kulijibu kunataka tuchungue nani anasema na nani katika kazi ya fasihi. Tumeona kwamba kazi zenye huzuni kubwa zaweza kufariji kwa sababu zina nafsi ya pili ndani yake, na kwamba riwaya bora isiyo na nafsi hiyo yataka isomwe kwa pamoja. Tumeona pia kwamba lugha yenyewe, kwa misemo yake ya moyo, imekwisha kuuweka msingi wa jambo hili.

Idara zetu zinaweza kufanya mambo mawili bila gharama kubwa. Kwanza, katika mitaala yetu, riwaya za Kezilahabi zisifundishwe mbali na mashairi ya usemezano. Kichwamaji na Sauti ya Dhiki, vitabu vilivyopishana kwa mwaka mmoja tu, visomwe katika muhula mmoja na kulinganishwa. Pili, kila mwalimu wa fasihi ajiwekee vitabu vichache ambavyo amevisoma mwenyewe kwa nia hii, akijua kipi ni cha nani, maana mwanafunzi atakapobisha hodi hapatakuwa na wakati wa kwenda maktaba kutafuta.

Mwanafunzi yule tungempa kitabu gani leo? Tungempa zile kurasa za Amina. Lakini kabla ya kumpa tungemwambia aketi, tukamwuliza habari za baba yake.